Kuamuru mota kwa programu: pompi ya maji na mashine ya kusaga



Somo la nambari hii ni juu ya mota, na juu ya ile akili ndogo ya elektronika inayoiambia mota: anza, simama, ongeza, punguza. Wanafunzi wa sehemu ya umeme watalikuta tena darasani pamoja na mahesabu yake. Lakini tumeliandika ili hata mwenzetu wa pedagogia au wa biyokemia alifuate mpaka mwisho, kwa sababu jambo lenyewe liko mbele ya macho yetu kila siku.

Hapa Ndosho tunakaa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba kisima katika lava si kazi ya jembe. Maji ya mji yanapandishwa na pompi kutoka ziwa Kivu, na ziwa liko chini yetu. Bomba zikikauka, ni bidoni ya lita 20 mgongoni. Ju ya ile, nyumba mingi, makanisa na shule wamejenga siterni chini na kuweka tanki juu, na katikati kuko pompi ndogo ya umeme. Tena usitembee mbali: karibu kila avenyu iko na mashine ya kusaga unga wa mihogo na mahindi. Pompi na mashine ya kusaga, hizo mbili zitatutosha kwa somo lote.

Tuanze na pompi. Kwa kawaida ni mtu anayeiamuru. Anafunga swichi, anaenda kufanya kazi ingine, anasahau. Hapo kuna mambo mawili. Ama tanki la juu linajaa na maji yanamwagika, maji ambayo pengine yamenunuliwa kwa gari. Ama siterni ya chini inaisha, na pompi inazunguka bila maji. Hili la pili ni baya zaidi. Ndani ya pompi kuko kizibo kwenye mhimili, kinachozuia maji yasiingie katika mota, na maji yenyewe ndiyo yanayokipoza. Maji yakikosa, kizibo kinaungua kwa dakika chache tu. Siku ile hutaona kitu. Baadaye maji yanaingia kidogo kidogo katika nyuzi za mota, na fundi anapoifungua ni kutu na harufu ya kuungua.

Mtu atasema: tuweke saa. Tanki la lita 1000, pompi ya lita 50 kwa dakika, basi dakika 20 na saa inakata. Hesabu ni nzuri, lakini saa haioni. Haijui kama tanki lilikuwa na nusu tangu asubuhi. Haijui kama siterni iko na maji. Haijui kama umeme wa jioni ni dhaifu na pompi inatoa lita 30 fasi ya 50. Saa inatoa amri bila kupata habari. Mashine tunayotaka ni ile inayotoa amri, kisha inaangalia kilichotokea, kisha inasahihisha amri yake. Hii duara ya amri na habari njo moyo wa somo letu.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1788 James Watt aliweka kwenye mashine yake ya mvuke vyuma viwili vinavyozunguka: mwendo ukizidi, vyuma vinatanuka na kufunga mvuke, mwendo ukipungua, vinashuka na kufungua. Mwaka 1922 Nicolas Minorsky aliandika hesabu ya namna ya kuongoza usukani wa meli kubwa bila mkono wa mtu. Mwaka 1969 huko Marekani ilitoka otomate ya Modicon iliyoitwa 084, ili viwanda viache kubadilisha makabati mazima ya rele kila mara kazi inapobadilika. Sasa inatosha kubadilisha programu. Mwaka 1971 Intel ikatoa mikroprosesa 4004. Na kadi ndogo ya Arduino, ambayo wengi wetu tumeiona, ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005.

Kwetu pia iko. Mwaka 2013 injinia Mkongomani Thérèse Izay na wenzake waliweka Kinshasa roboti za kuongoza magari: zinageuza kifua, zinainua mikono, ziko na taa nyekundu na kijani, kamera, na paneli za jua. Karibu zaidi, kuna kiwanda cha Matebe juu ya mto Rutshuru, kilichofunguliwa mwaka 2015, chenye megawati 13 na zaidi. Kiwanda cha maji cha namna hii lazima kishike mwendo wa herizi 50. Jioni watu wakiwasha majiko na taa, mzigo unapanda na turbini inataka kupunguza mwendo. Kiongozi chake kinapima, kinafungua mlango wa maji, kinapima tena. Hakuna mtu anayekaa pale na mkono kwenye bomba.

Sasa tujenge yetu. Tunahitaji mikrokontrola, ni kusema komputa ndogo sana ndani ya kipande kimoja, yenye miguu ya kusoma na miguu ya kuamuru. Tunahitaji kapteri, ni kusema vitu vinavyopima. Kwa maji tunatumia boya: likielea linafungua au kufunga waya. Mabalozi wetu watakuwa maboya matatu: moja ndani ya siterni ya chini, moja karibu na kitako cha tanki la juu, moja karibu na mdomo wa tanki.

Kwa nini mawili katika tanki moja? Fikiri tuko na moja tu, mdomoni. Mama anachota ndoo moja, maji yanashuka vidole viwili, boya linashuka, pompi inaanza. Nusu dakika imejaa, inasimama. Ndoo ingine, inaanza tena. Mota ya kilowati 0,75 kwenye voliti 220 inakula karibu amperi 6 ikiwa katika mwendo, lakini wakati wa kuanza inaweza kuvuta mara tano au zaidi, ni kusema amperi 30 na kupita. Kila mwanzo ni joto ndani ya nyuzi. Ukiianzisha mara arobaini kwa saa, unaipika. Kwa maboya mawili, pompi inaanza wakati tanki liko karibu tupu, na inasimama tu wakati limejaa. Katikati, programu inabaki na neno la mwisho: kama ilikuwa inazunguka iendelee, kama ilikuwa imesimama ibaki imesimama. Kumbe hapa programu inahitaji kumbukumbu. Maji yaliyo katikati ya tanki, peke yake, hayaambii programu kitu.

Programu inazunguka bila kuchoka: soma kapteri zote, amua, toa amri, rudia. Tuseme mara mia kwa sekunde. Lakini isiamini kila kitu mara moja. Maji yanayomwagika yanatikisa boya, na kwa macho ya mikrokontrola boya hilo linasema ndiyo-hapana-ndiyo-hapana. Tunaiambia: neno la boya lisikubaliwe mpaka limesimama vile vile sekunde tano.

Mguu wa mikrokontrola unatoa voliti 5 na miliamperi 20 tu. Hauwezi kuvuta mota. Unaamuru transista, transista inaamuru rele ndogo, rele inaamuru kontakteri kubwa, na kontakteri ndiyo inayofunga umeme wa mota. Ni kama mtoto anayemwambia kaka, kaka anamwambia baba. Kwenye bobini ya ile rele ndogo usisahau diyodi. Bobini ikikatwa inarudisha pigo la umeme nyuma, na pigo hilo linaua transista. Wengi wanaisahau kwa sababu siku ya kwanza mashine inatembea bila hiyo.

Mambo ya mwendo

Pompi yetu inajua kitu kimoja tu, kuzunguka ao kusimama. Mashine zingine zinataka mwendo fulani: mkanda wa kiwanda, mkono wa roboti. Hapo tuchukue chukudu, maana hakuna mtu wa Goma asiyeijua. Dereva wa chukudu yenye magunia ya viazi anayetoka Kibumba yuko na mwendo kichwani mwake. Anaangalia tofauti kati ya mwendo anaotaka na mwendo alio nao. Tofauti ikiwa kubwa anasukuma sana, ikiwa ndogo anasukuma kidogo. Kama amesukuma muda mrefu na bado haijafika, anaongeza kidogo juu ya ile nguvu. Na akiona inakimbia haraka kuelekea mwendo anaoutaka, anaanza kulegeza mbele ya kufika. Hizo hukumu tatu, ya sasa, ya muda uliopita, na ya kule mambo yanakoelekea, ndizo wahandisi wanaita PID.

Tupige hesabu ya ile ya kwanza. Tunataka mizunguko 1500 kwa dakika. Tunaipa mota asilimia 60 ya umeme (kwa kuukata vipande vipande, haraka sana, mota inasikia wastani tu). Inazunguka 1400. Upungufu ni 100. Tunaamuru: kwa kila mzunguko unaokosekana, ongeza asilimia 0,1. Mwendo unapanda, na upungufu unapopungua nyongeza nayo inapungua. Kama kwa mota hii kila asilimia moja inaleta mizunguko 15, mwisho itatulia kwenye 1460: upungufu 40, nyongeza asilimia 4, na 4 mara 15 ni 60 juu ya 1400. Haitafika 1500 kamwe kwa hukumu hii peke yake, kwa sababu siku upungufu utakapokuwa sifuri, nyongeza nayo itakuwa sifuri. Ndiyo maana ya hukumu ya pili, inayojumlisha upungufu wa muda uliopita na kuendelea kusukuma mpaka ule 40 uishe.

Lakini hukumu hiyo ya pili iko na hatari yake. Gurudumu la chukudu likikwama kwenye jiwe la lava, dereva anasukuma, anaongeza, anaongeza tena. Jiwe likitoka, chukudu inaruka mbele na nguvu yote iliyokusanywa. Programu nayo inafanya vile. Mota ikikwama, jumla ya upungufu inakua bila mpaka, na siku inapoachiliwa inaruka kupita mwendo. Dawa ni kuweka mpaka: umeme ukifika asilimia 100, jumla isiongezwe tena. Na tena kipimo kije mara kwa mara. Programu inayopima mota ya haraka mara moja kwa sekunde ni dereva anayefumbua macho mara moja kila kona.

Wakati mashine haijui

Sasa tunafika fasi ambayo vitabu mingi vinapita mbio, na kwa maoni yetu ndiyo kazi kubwa. Kuandika programu ya siku nzuri ni kazi ya mchana mmoja. Lakini panya amekula waya, je? Umeme umekatika katikati, je?

Tuangalie waya. Unaweza kufunga boya la juu kwa namna mbili: umeme upite wakati tanki limejaa, ao umeme upite wakati bado kuko nafasi. Siku nzuri, namna zote mbili ni sawasawa. Siku waya umekatika, hazifanani hata kidogo. Kwa namna ya kwanza mikrokontrola haitaona umeme, itafikiri tanki halijajaa, itaendelea kusukuma mpaka maji yashuke barazani. Kwa namna ya pili haitaona umeme, itafikiri limejaa, itasimama. Kwa hiyo tunashika kanuni moja kwa maboya yote matatu: ruhusa ya kuzunguka lazima ije na umeme. Umeme usipopita, kwa sababu yoyote, pompi isimame. Kukosa maji saa mbili ni taabu. Kuunguza pompi ni miezi ya michango.

Na kama nyaya mbili zimegusana? Hapo mikrokontrola itaona ruhusa siku zote. Kwa hiyo tunaongeza mambo mengine. Boya la chini likisema tanki tupu na la juu likisema limejaa, hilo haliwezekani: simama, washa taa nyekundu, ngoja mtu. Tena tunaweka muda wa mwisho: pompi ikizunguka kupita muda huo bila tanki kujaa, kuna kitu kimeharibika, pengine bomba limepasuka. Tena tunapima amperi. Pompi isiyo na maji inakula kidogo kuliko kawaida, kwa sababu haibebi mzigo. Pompi iliyokwama inakula sana. Namba yenyewe usiikopi kwa mtu, pima pompi yako. Ndani ya mikrokontrola kuko pia saa ndogo ya ulinzi: programu isipoigusa kila baada ya muda mfupi, inajua imelala, inaianzisha upya. Na rele ya joto ya mota ibaki kwenye njia yake mwenyewe, isipitie kwa programu. Vilevile swichi inayokata mara moja inapoona miliamperi 30 zimepotea njiani. Hapa kwetu hiyo ni lazima zaidi, maana lava kavu inapitisha umeme vibaya, na waya wa ardhi uliochomekwa kati ya mawe peke yake haukulindi.

Sasa umeme unaokatika na kurudi. Tunalijua jambo hili. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika, na watu walishuka ziwani na bidoni. Lakini hata siku za amani umeme unaenda na kurudi, na ukirudi mara nyingi unatetemeka kwanza. Ukiwa voliti 170 mota inajikaza, inavuta amperi nyingi, inapata joto. Basi programu ya pompi, umeme ukirudi, isikimbilie. Ipime voliti, ingoje dakika tatu zikiwa nzuri bila kukatika, halafu isome maboya upya kama vile ndiyo mara ya kwanza. Ikikuta tanki limeshuka, ianze yenyewe. Hakuna mtu anayeweka mkono ndani ya pompi.

Mashine ya kusaga ni jambo lingine kabisa. Umeme umekatika, mdomo wa mashine umejaa mihogo, mshipi umetoka kidogo. Mwenye mashine anasema, “Tuipange mbele courant irudie,” anaingiza mkono. Hapo umeme unarudi. Ikiwa ni swichi ya kawaida iliyobaki imefungwa, mota inaanza na mkono uko ndani.

Mafundi wa zamani walilitatua bila komputa. Ukibonyeza kifungo cha kijani, bobini ya kontakteri inapata umeme na kuvuta vyuma, na chuma kimoja kati ya hivyo ndicho kinachoendelea kuilisha bobini yenyewe ukishaachilia kifungo. Umeme ukikatika, bobini inaachilia kila kitu. Umeme ukirudi, hakuna kinachoilisha, mota inabaki imelala mpaka mtu abonyeze tena. Ni ujanja wa chuma na waya tu, na umeokoa vidole vya watu wengi duniani.

Sasa fikiri kijana mwenye bidii anakuja na mikrokontrola. Anataka mashine “ya akili”. Anaandika katika kumbukumbu isiyofutika: nilikuwa ninazunguka. Umeme ukirudi, programu inasoma kumbukumbu, inaanzisha mota. Kwa pompi, karibu ni hekima. Kwa mashine ya kusaga ameondoa ulinzi uliokuwako na kuweka mtego, na mtego huo unafanya kazi bila kosa hata moja katika programu. Kwa hiyo programu ya mashine ya kusaga ianze siku zote na neno “simama”, na amri ya kuanza itoke katika kidole cha mtu anayeiona mashine. Na kifungo chekundu cha kusimamisha kikate waya wa kontakteri chenyewe. Kisipeleke ombi kwa programu, maana programu inaweza kuwa imelala.

Kujaribu

Usijaribu na mota kwanza. Fasi ya mota weka balbu, fasi ya tanki weka ndoo mbili. Chora jedwali la hali zote za maboya matatu (ziko nane) na kando ya kila moja andika balbu inatakiwa kuwaka ama kuzimika. Halafu inua na kushusha maboya kwa mkono ukiangalia. Kisha uwe panya: chomoa waya moja moja, gusanisha mbili mbili, kata umeme katikati ya kazi na urudishe baada ya sekunde moja, baada ya dakika, mara tatu mfululizo. Kila kitu kikijibu sawa na jedwali, ndipo mita mwalimu wa praktike aje kufunga voliti 220 pamoja nanyi. Mkono wa mwanafunzi peke yake usifungue kabati lenye umeme.

Zoezi kwa ajili ya wote. Tanki ni la lita 2000. Boya la chini linaita pompi zikibaki lita 300, boya la juu linasimamisha kwenye lita 1900. Pompi inatoa lita 40 kwa dakika. Asubuhi, wakati pompi inazunguka, wanafunzi wanachota lita 15 kwa dakika. Tafuta inachukua dakika ngapi kujaza usiku, na dakika ngapi asubuhi. Kisha chagua muda wa mwisho wa kuandika katika programu. Ukiandika dakika 60, asubuhi pompi itasimama na taa nyekundu itawaka bila kitu kuharibika. Ukiandika saa tatu, bomba likipasuka usiku, hesabu ni lita ngapi zitaenda katika lava. Andika namba yako na sababu yake katika mistari mitano, na uonyeshe kama kapteri moja zaidi ingekusaidia, utaiweka wapi, na itafungwa namna gani waya yake ikikatika.